Karatasi ya Jalada la CD: Uzito Usiwe Swali la Kwanza

Mtu akiingia katika duka la vifaa vya ofisi mjini Kitale akaomba karatasi ya kuchapia jalada la CD, aghalabu huulizwa swali moja tu, kama ataka nzito au nyepesi. Naye, kwa kuwa hajapata kuelezwa vinginevyo, na kwa kuwa kazi anayoikusudia ni ya heshima, kama vile nyimbo za kwaya ya kanisa lake au kumbukumbu ya arusi ya bintiye, hujibu kuwa ataka iliyo nzito kupita zote, na ikiwa yang'aa ndiyo afadhali. Hurudi nyumbani na karatasi isiyokunjika, isiyoingia kasha, au isiyoushika wino wa printa yake. Nimeyashuhudia hayo mara nyingi, na kila mara huniuma, kwa sababu kwa kwaya ya kijijini, inayotazamia kuuza diski zake siku ya harambee, majalada hamsini yaliyoharibika ni mtaji uliopotea, na kosa lenyewe lilikuwa jepesi kuepukwa lau angalikuwapo wa kuwaeleza.

Uzito wa karatasi, ule unaoandikwa juu ya bahasha ya rimu, ni gramu za kipande chenye eneo la mita moja mraba. Karatasi ya A4 ni sehemu moja katika kumi na sita ya eneo hilo. Kwa hiyo jani moja la gramu 80 huwa na gramu 5, na rimu ya majani 500 huwa na kilo mbili na nusu. Katika mji wa mahindi kama huu wetu, ambako mizani haikosekani, mwenye shaka na aipime rimu yake: ikiwa imeandikwa 80 na mizani ikaonyesha kilo mbili na robo hivi au chini yake, basi amepewa iliyo karibu na gramu 70. Lakini kipimo hicho hutuambia wingi wa mali iliyomo katika karatasi, wala hakituambii unene wake, wala ugumu wake, wala namna itakavyounywa wino. Atipepa ya gramu 130, kwa kuwa imepakwa udongo mweupe na kugandamizwa, yaweza kuwa nyembamba kuliko karatasi ya kawaida ya gramu 100, na anayezilinganisha kwa nambari peke yake hudanganyika.

Sisi wa pande hizi tuna sababu ya kuijua karatasi kuliko wengi, maana kwa miaka mingi ilitengenezwa jirani yetu. Kiwanda cha Pan African Paper Mills, kilichojengwa Webuye kando ya Mto Nzoia, katika barabara hii hii iendayo Kakamega na Kisumu, kilianza kutoa karatasi mwaka 1974, kikasimama mwaka 2009, na mwaka 2016 kikauzwa kwa wenyewe wengine. Malori ya magogo yaliyokuwa yakielekea huko ndiyo yaliyokuwa mwanzo wa vitabu na madaftari mengi ya nchi hii. Mti hukatwa vipande vidogo vidogo, vipande hupikwa pamoja na dawa mpaka ile gundi ya asili iliyoziunganisha nyuzi za mti iyeyuke, kisha uji wa nyuzi humwagwa juu ya wavu unaokwenda mbio. Na kwa kuwa wavu unakwenda upande mmoja, nyuzi nazo hulala kwa wingi kuuelekea upande huo, kama majani ya mtoni yanavyolala kufuata mkondo wa maji.

Mlalo huo wa nyuzi ndio siri ambayo wauzaji hawaitaji kamwe, nayo kwa kazi yetu ina thamani kuliko uzito. Karatasi ikikunjwa kufuata nyuzi hukunjika kwa utii na ukingo wake huwa safi. Ikikunjwa kuzikata nyuzi hupinga, na ikiwa nzito hupasuka, rangi ikabanduka mahali pa kunjo, ukaonekana mstari mweupe mfano wa kovu. Kuujua mlalo si kazi kubwa. Kata kipande cha mraba, kiloweshe upande mmoja kwa maji kidogo, nacho kitajiviringa mfano wa bomba: urefu wa bomba ndio mlalo wa nyuzi. Au irarue karatasi. Ikifuata nyuzi huraruka kwa mstari ulionyooka, na ikizikata huenda upogoupogo. Katika karatasi nyingi za A4 nyuzi hulala kufuata ule upande mrefu wa milimita 297.

Natuliangalie sasa kasha lenyewe, lile la plastiki ngumu tulilolizoea tangu CD ilipoanza kuuzwa mwaka 1982. Mbele huingia karatasi ya mraba, milimita 120 kwa 120, ikishikwa na vijino vidogo vya plastiki. Nyuma, chini ya sinia inayoshika diski, hulala karatasi yenye upana wa milimita 151 na kimo cha 118, nayo hukunjwa pande zote mbili ili kufanya migongo miwili, kila mmoja wa milimita sita na nusu, ambayo huandikwa jina la wimbo au la kwaya. Migongo hiyo miwili ndiyo mahali pa mtihani. Kunjo zake hufuata kile kimo cha milimita 118. Kwa hiyo ikiwa wataka kunjo zifuate nyuzi, sharti kimo hicho kilale kuelekea upande mrefu wa A4, na upana wa 151 uufuate ule upande mfupi wa 210. Na hapa pana neema, kwani ukilipanga hivyo jani moja hutosha kwa yote mawili: 120 ya mbele na 118 ya nyuma zikifuatana hufanya 238, na jani lina 297. Basi mtu hupata jalada zima katika jani moja, na kunjo zote zikiwa upande ulio sawa. Akitaka kijitabu cha kurasa nne, chenye maneno ya nyimbo, itampasa atumie jani jingine, kwa maana kijitabu kikikunjuliwa huwa na milimita 240, nazo hazienei ila kwa urefu wa jani, na kunjo lake litazikata nyuzi. Dawa yake ni kutangulia kuuchora mstari wa kunjo kwa rula na biro iliyokwisha wino, akibonyeza bila kukwaruza, ndipo akunje.

Kwa sababu ya vijino vile na sinia ile, sishauri mtu kupita gramu 160 kwa karatasi ya nyuma wala gramu 130 kwa kijitabu. Iliyo nzito zaidi huikaza sinia isiketi vizuri, na mbele hukwaruzwa na vijino kila itolewapo, hata pembe zake zikachakaa kabla ya diski yenyewe kusikilizwa mara kumi. Karatasi ya kawaida ya gramu 80 yafaa kwa kujaribia, na hakika ni wajibu kuitumia kwa jaribio la kwanza, ukiwa umehakikisha kwamba printa imeambiwa ichape kwa ukubwa halisi, yaani asilimia 100, isipunguze picha ili kuienezea ukurasani. Lakini kwa kazi ya mwisho ni dhaifu, na maandishi ya upande wa pili huonekana kwa ng'ambo.

Ama kuhusu uso wa karatasi, jambo hili ni la kale kuliko tunavyodhani. Neno lenyewe karatasi tulilipata kwa Waarabu, na katika nchi za Kiislamu za zamani mwandishi hakuiandikia karatasi ikiwa mbichi: ilipakwa wanga au ute wa yai, ikakaushwa, ikasuguliwa kwa jiwe laini, ili wino usizame wala usitambae, bali ukae juu na kalamu iteleze. Leo viwanda hufanya hayo kwa niaba yetu, ila hufanya kwa namna mbalimbali, na kila namna ina printa yake. Printa ya wino wa maji, zikiwamo hizi za vitangi zilizojaa katika saiba zetu, hutaka uso uliotengenezwa mahsusi kuunywa wino upesi na kuuzuia usienee. Ukiitia atipepa, wino huelea juu ya udongo ule uliogandamizwa, haukauki, na kidole cha kwanza huharibu yote. Printa ya leza haina wino wa maji. Huweka unga wa tona na kuuyeyushia juu ya karatasi kwa rola yenye joto linalokaribia nyuzijoto 200. Humo atipepa iliyoandikwa kuwa ya leza hupita salama, lakini karatasi ya picha iliyokusudiwa wino wa maji haifai hata kidogo, kwani mpako wake waweza kuyeyuka na kugandamana na rola, na gharama ya kuitengeneza printa hushinda faida ya majalada yote. Kwa hiyo swali la kwanza dukani liwe ni karatasi ya printa gani, kisha ndipo uje uzito.

Na mng'ao? Jalada la CD hukaa nyuma ya plastiki angavu inayong'aa, basi mng'ao umekwisha kutolewa na kasha. Karatasi isiyong'aa, iliyopakwa kwa ajili ya wino na yenye pande mbili za kuchapika, ya gramu 120 hivi, hukunjika vyema, haishikamani na plastiki wakati wa unyevu, na nyuma ya kasha huonekana na haiba ile ile.

Unyevu nimeutaja kwa makusudi. Kitale imekaa juu, karibu mita 1,900, baina ya Mlima Elgon na vilima vya Cherang'any, na mvua zake huanza katika Machi au Aprili zikaendelea hadi karibu na mwisho wa mwaka. Katika miezi hiyo rimu iliyoachwa wazi usiku mmoja hunywa hewa ya maji, kingo zikapinda, na asubuhi printa huvuta majani mawili mawili au hukwama. Bahasha ya rimu ilitengenezwa ili kuzuia unyevu. Toa unayoyahitaji, uifunge tena, uilaze juu ya rafu na si sakafuni.

Kwa kasha la DVD maneno ni machache. Karatasi yake ni milimita 273 kwa 183, huenea A4 moja, nayo haikunjwi kwa ukali bali hupinda kidogo ikizunguka mgongo ndani ya mfuko wa plastiki. Gramu 100 hadi 130 zatosha, na iliyo ngumu zaidi huukakamua mfuko kasha lisifunge sawasawa. Iliyochapwa kwa wino wa maji ilazwe wazi usiku mzima ndani ya nyumba kavu kabla ya kutiwa kashani, kwa sababu wino huendelea kutoa mvuke hata baada ya kuonekana umekauka, na mvuke ukifungiwa humo huiacha plastiki na ukungu mbele ya nyuso za wanakwaya.