Mdoli anayefundisha kuokoa maisha: wanaotaka kuikimbia sayansi someni hapa

Leo siasa na mpira naviweka pembeni. Naongea na nyinyi mlioko sekondari, hasa mnaofikiria kuikimbia Fizikia.

Wengi wetu tunadhani sayansi ya afya ni udaktari na unesi, basi. Kwani tutajuaje zaidi wakati kazi zenyewe hatujawahi kuziona? Mwanafunzi huwezi kuingizwa leba ukajaribie mikono kwa mgonjwa wa watu. Hapo ndipo inapokuja simulesheni: mgonjwa ni mdoli, lakini kazi unayoifanya ni ya kweli.

Kitu chenyewe si kigeni. Mwaka 1960 Asmund Laerdal wa Norway, ambaye alikuwa anatengeneza midoli ya watoto, alitoa mdoli anaitwa Resusci Anne wa kufundishia kumwokoa mtu ambaye moyo wake umesimama. Unabonyeza kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 hadi 6. Fanya dakika mbili tu uone jasho!

Hapa Bongo tuna mfano wetu kabisa. Kuna mdoli kichanga anaitwa NeoNatalie, wa kampuni hiyo hiyo ya Laerdal. Ukimjaza maji anakuwa na uzito kama wa mtoto mchanga. Mwalimu akiminya vipira vyake, mdoli anapumua au kitovu kinadunda. Mkunga anamkausha, anamsugua mgongo, na asipopumua anampa hewa kwa mfuko wenye maski. Yote hayo ndani ya dakika moja tu, wenyewe wanaiita dakika ya dhahabu. Mafunzo haya yanaitwa Helping Babies Breathe. Utafiti uliotoka 2013 ulifuatilia hospitali 8 za Tanzania baada ya wakunga kufundishwa, na vifo vya vichanga ndani ya saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47. Sio mchezo!

Sasa hesabu kazi zilizomo humo. Kuna mkunga. Kuna fundi wa vifaa tiba, fani ambayo DIT pale Dar wanaifundisha. Kuna mtu wa kompyuta, maana midoli ya kisasa inaonyesha mapigo ya moyo kwenye skrini. Kuna mtu wa takwimu, ndiye aliyeipata hiyo 47. Na ile maski isipobana vizuri usoni, hewa inavujia pembeni na mapafu hayajai. Hiyo ni presha, ile ile ya Fizikia ya sekondari.

Shule niliyosoma mimi, maabara ilifunguliwa mtihani ukikaribia. Washkaji kibao walikimbilia masomo mengine, na wala hawakuwa vilaza. Hawakuonyeshwa tu sayansi inafanya nini.

Ombi langu kwa walimu na hospitali za wilaya: mdoli mmoja, mkunga mmoja, Ijumaa moja mchana. Haihitaji semina ya posho. Shule isiyo na mdoli ianze na mto mgumu, angalau watu wajue mwendo wa kubonyeza. Ila msibonyezane vifua nyinyi kwa nyinyi, ni hatari.

Kama shuleni kwenu mmeshafanya kitu kama hiki, tupeni habari hapo chini. Naomba kuwasilisha.