Mbwa Anapopotewa na Mwenziwe

Katika vibanja vya Bukoba na Muleba, ambako migomba na mibuni huizunguka nyumba pande zote, mbwa wawili au watatu aghalabu hulelewa pamoja, wakilinda boma usiku na kuwafukuza ngedere mchana. Na mmoja wao atowekapo, waliosalia huonyesha dhahiri kwamba wamepungukiwa. Huyu huinusa tena na tena njia ya mgombani aliyozoea kupita mwenziwe. Yule hujilaza mlangoni, na makombo ya ndizi na maharage yakamiminwa mbele yake asiyaguse.

Mwaka 2022 wataalamu wa Italia, baada ya kuwahoji watu 426 waliofiwa na mbwa mmoja hali wakibaki na mwingine, walieleza kwamba wengi wa wanyama hao walicheza kidogo na kuwaandama mabwana zao, na baadhi yao wakala kidogo, wakazidi kulala na kuwa waoga. Na kwamba lililozidisha athari hiyo ni suhuba iliyokuwa baina yao, wala si urefu wa muda waliokaa pamoja.

Kwa hiyo, ewe mfugaji, wape waliosalia chakula kwa wakati wao wa kila siku, waache walale pamoja, na uwe karibu nao. Na aliyepotea akirejea hali tabia zake zimegeuka, mtenge, kwani huenda ana kichaa cha mbwa, umwarifu mganga wa mifugo. Akimwuma mtu, jeraha lioshwe kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aliyeumwa aende hospitali bila ya kukawia, kwani maradhi hayo dalili zikishadhihiri hayana dawa, bali chanjo huyazuia.