Kibwezi Njia Panda: Msafiri Ashike Ipi?

Kwa miaka mingi Kibwezi ulikuwa mji wa kupita tu. Aliyetoka Mombasa aliuona mbio mbio dirishani, mibuyu na rundo la maembe ya kuuzwa, akili yake ikiwa imekwishafika Nairobi. Leo, ndugu msomaji, mji huu wa Kaunti ya Makueni ni njia panda ya haki, na msafiri hana budi kuchagua.

Barabara ya kwanza ni ile kuu ya Mombasa, ipitayo Makindu, Emali na Sultan Hamud. Fadhila zake nazikiri. Vituo vya mafuta havikosekani, hoteli zi wazi usiku na mchana, na pale Makindu hekalu la Masingasinga, lililojengwa mwaka 1926, humlisha mpita njia bila kumdai senti. Lakini ndiyo barabara inayobeba shehena ya bandari kuelekea Uganda, Rwanda na Kongo. Ingawa reli mpya ilianza kusafirisha abiria mwaka 2017, malori bado yamejipanga kama siafu. Sehemu kubwa ya njia ina safu moja tu kwa kila upande, na dereva aliyechoka kulifuata lori hujitosa kulipita mahali asipoona mbele. Hapo ndipo misiba yetu mingi inapozaliwa.

Barabara ya pili yaukata mto Athi na kuingia Kaunti ya Kitui: Ikutha, Mutomo, Ikanga, Kitui mjini, hata Migwani karibu na Mwingi, mwendo wa takriban kilomita 190. Zamani ilikuwa vumbi na makorongo. Aendaye Mwingi kutoka pwani aliona heri azungukie Machakos au Nairobi. Sasa imetiwa lami, na mzunguko huo hauna maana tena.

Rai yangu ni hii. Aendaye Nairobi na ashike barabara kuu, tena mchana. Lakini aendaye Kitui, Mwingi au Matuu, na hata yule wa Thika asiyependa msongamano wa Nairobi, asidharau njia ya Mutomo. Huenda saa alizookoa si nyingi, lakini atasafiri bila kukimbizana na matrela, na shilingi zake za chai zitawafikia akina mama wa Ikutha, ambao kwa muda mrefu waliuona utajiri wa barabara ukipita ng'ambo ya mto.

Hata hivyo, nisije nikamhadaa mtu. Njia tupu ina kishawishi chake. Mbuzi na punda wa Kitui hawakusoma sheria za barabarani, na watoto huvuka wakienda shule na kisimani. Vituo vya mafuta navyo ni vichache. Jaza tangi Kibwezi. Kikomo cha kilomita 80 kwa saa kwa matatu na mabasi hakikufutwa kwa kuwa hakuna lori mbele yako. Wahenga walinena kwamba haraka haraka haina baraka, na mbuzi wa mjane wa Mutomo ana thamani sawa na gari la tajiri wa mjini.

Lami tumeletewa. Ikiwa tutaihamishia wazimu wa barabara kuu, basi tutakuwa tumewapelekea watu wa Kitui makaburi badala ya maendeleo.