Safari ya Ziwa Nyasa na Sala zetu

Ndugu Waislamu, tunapopanga kuwapeleka watoto wetu kutoka Kigonsera kwenda kuliona Ziwa Nyasa, tusihesabu nauli peke yake. Barabara ya Mbinga hadi Mbamba Bay ni kilomita 66, na wanavyuoni wa madhehebu ya Shafi hukadiria masafa ya kupunguza Sala kuwa kilomita 80 na zaidi. Aanzaye Mbinga hajafikia. Aanzaye Kigonsera na ajumlishe mwendo wake wote, amuulize sheikhe kabla hajaondoka.

Tulipe madeni, tuteue kiongozi wa msafara. Nyama tusiyomjua mchinjaji wake tuiache. Samaki wa ziwa ni halali, hahitaji kuchinjwa. Tusirudi tumeliona ziwa, Sala tumezipoteza.

Wabillahi Tawfiq.