Namibia: Wafugaji wa jangwani wanaoishi na simba na vifaru bila uzio

Mwezi wa Juni 2016, simba dume mmoja alipigwa risasi katika jimbo la Kunene, kaskazini magharibi mwa Namibia. Miezi miwili baadaye, ndugu zake watatu waliuawa kwa sumu. Walikuwa wanne kati ya simba watano wa jangwani ambao filamu moja ya wanyama ilikuwa imewafanya wajulikane duniani kote.

Waliowaua hawakuwa majangili wa kutafuta ngozi au meno. Walikuwa wafugaji waliochoka kuamka asubuhi na kukuta mifugo yao imeraruliwa.

Habari hiyo ilizunguka ulimwengu, na wengi waliwalaumu wafugaji. Lakini upande mmoja haukusemwa sana. Katikati ya miaka ya 1990, simba wa eneo hilo la jangwa walikuwa wamebaki karibu 20 tu. Kufikia miaka ya 2010, walikuwa wamepita 100. Hawakuletwa kwa malori, wala hawakufungiwa ndani ya uzio. Walizaliana kwenye ardhi ya wafugaji hao hao, kwa sababu wafugaji walikuwa wamekubali waishi.

Namna makubaliano hayo yalivyopatikana, na yanavyotikisika kila mvua inapokosekana, inawahusu hata watu wanaoishi mbali sana na jangwa, kandokando ya mbuga za Kivu.

Jangwa lisilo tupu

Kunene ina ukubwa wa karibu kilomita za mraba 115,000, yaani inakaribia Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini zikiwekwa pamoja. Lakini hesabu ya watu ya mwaka 2023 ilikuta huko wakaaji karibu 120,000 peke yake. Bukavu hupata zaidi ya milimita 1,000 za mvua kwa mwaka. Kwenye pwani ya Kunene, kuna miaka ambayo mvua haifikishi hata milimita 20.

Hata hivyo, jangwa la Namib linahesabiwa kati ya majangwa ya zamani zaidi duniani, na viumbe vyake vimepata muda mrefu wa kulizoea. Maji baridi ya bahari ya Atlantiki hutengeneza ukungu unaoingia nchi kavu asubuhi. Kuna mende wanaopanda juu ya vilima vya mchanga, wanainamisha kichwa na kuinua mgongo, ili ukungu ugande mwilini na tone la maji literemke mpaka mdomoni. Mmea unaoitwa welwitschia una majani mawili tu maisha yake yote, na unaweza kuishi zaidi ya miaka 1,000. Tembo hutembea makumi ya kilomita kati ya kisima na kisima, kwa kufuata mito ya mchanga ambayo hupitisha maji siku chache tu kwa mwaka.

Serikali imelinda karibu pwani yote ya nchi kama mbuga za taifa. Mbuga ya Skeleton Coast, iliyo upande wa Kunene, ipo tangu mwaka 1971. Lakini jangwani mpaka uliochorwa kwenye karata hautoshi. Mvua hunyesha kwenye bonde moja na kuruka mabonde kumi. Choroa, pundamilia na tembo lazima waifuate, na simba lazima awafuate wao. Njia hiyo inawatoa ndani ya mbuga na kuwaingiza kwenye malisho ya Waherero, Wahimba na Wadamara. Mnyama anayelindwa ndani ya mbuga tu, huku nje akingojewa na bunduki, hawezi kumaliza miaka mingi.

Walinzi waliochaguliwa na wazee

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, hali ilikuwa mbaya pande zote. Ukame mkali uliua sehemu kubwa ya ng'ombe wa eneo hilo. Namibia ilikuwa bado inatawaliwa na Afrika ya Kusini ya ubaguzi wa rangi, vita vya uhuru vilikuwa vinaendelea, na bunduki zilikuwa zimezagaa. Pembe za vifaru na meno ya tembo vilipata wanunuzi. Wenyeji waliwinda kwa njaa, na watu wenye vyeo serikalini nao waliwinda kwa faida.

Hapo ndipo Garth Owen-Smith, mtaalamu wa hifadhi aliyekuwa anaijua Kunene kwa miaka mingi, alipokwenda kuzungumza na wakubwa wa vijiji. Hakuomba askari zaidi. Yeye na wakubwa hao walikubaliana kwamba kila mkubwa achague watu wake mwenyewe, wanaojua pori, ili wawe walinzi wa wanyama. Malipo yao ya kwanza yalikuwa hasa chakula. Baadhi yao walikuwa wawindaji hodari, na ndiyo maana walijua kusoma nyayo.

Mlinzi wa namna hiyo hakuwajibika kwa ofisi ya mbali. Aliwajibika kwa mzee aliyemchagua. Jirani aliyeua kifaru hakuwa anakwepa serikali ya kigeni tu, alikuwa anavunja neno la kijiji chake. Ujangili ulipungua kwa kiasi kikubwa. Mwaka 1993, Owen-Smith na mwenzake Margaret Jacobsohn walipewa tuzo ya kimataifa ya mazingira ya Goldman kwa kazi hiyo.

Sheria ya mwaka 1996

Namibia ilipata uhuru tarehe 21 Machi 1990, na katiba yake mpya ikaweka ulinzi wa mazingira kati ya wajibu wa serikali. Lakini dhuluma moja ya zamani ilikuwa bado ipo. Tangu miaka ya 1960, sheria iliwaruhusu wazungu wenye mashamba binafsi kunufaika na wanyama wa pori waliokuwa kwenye ardhi yao: kuwawinda, kuwauza na kuleta watalii. Mwafrika aliyeishi kwenye ardhi ya jumuiya hakuwa na haki hiyo. Kwake, mnyama alikuwa mali ya serikali, na hasara tu ndiyo ilikuwa yake.

Mwaka 1996, bunge lilibadilisha sheria. Tangu hapo, wakaaji wa ardhi ya jumuiya wanaweza kuunda hifadhi yao wenyewe, kwa masharti yanayoeleweka: wakubaliane na majirani kuhusu mipaka, waandikishe wanachama, waandike katiba, wachague kamati, na waonyeshe namna mapato yatakavyogawanywa kwa haki. Wakitimiza hayo, serikali inawapa haki ya kusimamia wanyama na kula matunda ya kazi hiyo.

Hifadhi nne za kwanza ziliandikishwa mwaka 1998. Leo ziko 86, na zinafunika karibu asilimia 20 ya nchi nzima. Watu wanaoishi ndani yake ni zaidi ya 200,000. Hawakuhamishwa. Wanachunga ng'ombe na mbuzi wao, wana shule na makanisa yao, na vifaru weusi wanatembea kwenye vilima vya jirani. Kunene ndiko kunakopatikana kundi kubwa zaidi duniani la vifaru weusi wanaoishi huru nje ya mbuga zenye uzio.

Moja kati ya hizo nne za kwanza ni Torra. Wengi wa wakaaji wake ni watoto na wajukuu wa watu waliofukuzwa Riemvasmaak, Afrika ya Kusini, na serikali ya ubaguzi katika miaka ya 1970, kisha wakatupwa kwenye mawe ya Kunene. Watu hao waliokwisha kunyang'anywa ardhi mara moja walikuwa na sababu ya kuogopa neno "hifadhi". Walilikubali kwa sababu safari hii karatasi ilikuwa na majina yao. Walifanya mkataba na kampuni moja ya utalii iliyojenga kambi kwenye ardhi yao, na kambi hiyo iliajiri wenyeji, ikawafundisha kazi, na kulipa sehemu ya mapato kwa hifadhi.

Pesa inatoka wapi

Utalii ndio unaoleta zaidi. Uwindaji wa kulipia, ambao serikali huuwekea idadi kila mwaka, unafuata, na nyama yake hubaki kwa wakaaji. Uwindaji huo unapingwa na watu wengi huko Ulaya. Namibia inajibu kwamba kuna mabonde ambayo mtalii wa picha hafiki, na bila pesa hiyo walinzi wa huko hawatalipwa.

Mimea pia inaleta chochote. Magharibi mwa Kunene, wanawake wa Kihimba hukusanya utomvu wenye harufu nzuri wa mti wanaouita omumbiri. Tangu zamani wanautumia kwa kujipaka, na sasa unauzwa kwa watengenezaji wa manukato. Sharti ni moja: wachukue ule tu uliotoka wenyewe kwenye mti, bila kuukata. Mwanamke anayechunga mbuzi wake anaweza kuufanya siku hiyo hiyo, kwenye njia hiyo hiyo.

Lakini hesabu lazima isemwe wazi. Mwaka 2019, kabla ya korona, hifadhi zote pamoja zilipata zaidi ya milioni 100 za dola za Namibia, sawa na zaidi ya milioni 6 za dola za Marekani. Zikigawanywa kwa wote, kila mtu anapata dola chache tu za Marekani kwa mwezi. Mishahara ya walinzi na ya wafanyakazi wa kambi inaonekana nyumbani kwao. Kwa mfugaji asiye na ndugu mwenye kazi, faida inaweza kuwa nyama mara moja kwa mwaka, au mchango kwa shule. Na kuna kamati zilizolaumiwa na wanachama wao wenyewe kwa kutumia pesa bila kutoa hesabu.

Mvua inapokosekana

Udhaifu huo ulionekana wazi katika ukame mrefu ulioanza karibu mwaka 2012. Choroa, pundamilia na swala walikufa au wakahama. Simba walikosa chakula cha pori, wakageukia mazizi. Mfugaji aliyekwisha kupoteza ng'ombe kwa njaa alipoteza wale waliobaki kwa simba. Serikali ina mfuko wa kumpoza aliyepata hasara, lakini kinachotolewa hakilingani na bei ya mnyama sokoni. Sumu ya mwaka 2016 ilitoka hapo.

Mwaka 2020, korona ilifunga viwanja vya ndege, na watalii wakakatika. Mwaka 2024, ukame mwingine uliilazimisha serikali kutangaza hali ya dharura na kuruhusu wanyama wa pori 723 wauawe, wakiwemo tembo 83, ili nyama isaidie wenye njaa na malisho yapumue.

Hata hivyo, baada ya simba wale kuuawa, jibu halikuwa kuleta jeshi. Mwaka 2017, serikali ilitoa mpango wa kusimamia watu na simba wa kaskazini magharibi, na hifadhi za Kunene zikateua walinzi wa simba kutoka kwa wakaaji wenyewe. Baadhi ya simba wamefungwa shingoni mkanda wenye chombo cha satelaiti. Simba akikaribia makazi, ujumbe unatumwa, na walinzi wanakwenda kuwaonya wafugaji waingize mifugo na kulala macho. Pia wanasaidia kujenga mazizi marefu na imara ambayo simba hawezi kuruka.

Mazizi hayo yanalinda mifugo ya usiku tu. Ng'ombe aliyelala porini kwa kutafuta majani hana ukuta.

Kivu na swali lile lile

Kunene si Kivu. Huko kuna nafasi, hapa watu wamebanana. Huko kuna amani, hapa mbuga zimegeuka maficho ya makundi yenye silaha. Nakala ya kuchukua moja kwa moja haipo.

Lakini swali la msingi ni moja: mnyama ni wa nani, na hasara yake ni ya nani? Mbuga ya Kahuzi-Biega iliundwa mwaka 1970, na Batwa walioishi msituni humo wakafukuzwa bila malipo ya haki. Mwaka 2024 ilitangazwa hukumu ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Haki za Watu, iliyosema kwamba Kongo ilivunja haki zao. Kandokando ya Virunga, wakulima wa Rutshuru wanajua maana ya tembo kuingia shambani usiku.

Njia ya kuwashirikisha wenyeji si ngeni hapa pia. Mwaka 1998, mwaka ule ule Torra ilipoandikishwa, wakubwa wa kimila wa pande za Lubero na Walikale walianzisha wenyewe hifadhi ya Tayna, kwa kulinda sokwe, na serikali ikaitambua mwaka 2006. Tangu mwaka 2014, amri ya serikali inaruhusu jamii kuomba msitu wake wa kimila, mpaka hektari 50,000, na kuusimamia. Huko Walikale, jamii kadhaa zimekwisha kupata karatasi hizo.

Mambo ya Namibia yanaonyesha kinachofuata baada ya karatasi: mlinzi anayelipwa kila mwezi, kamati inayosomea wanachama hesabu zake, na malipo yanayofika mapema kwa aliyepoteza mnyama wake. Pale ambapo moja ya hayo limekosekana Kunene, mfugaji amerudia bunduki au sumu.