Mawazo ya Mama Mjane

Matanga yakiisha watu hukunja mikeka wakaenda zao. Mama mjane hubaki. Arobaini haijafika, shemeji mmoja aja kuhesabu migomba, mwingine aulizia baiskeli ya marehemu. Hakuna aliyempiga, wala aliyemtukana. Lakini kila jioni mama huyu ajiuliza: Hapa nitaondolewa lini?

Miezi michache baadaye majirani huanza kusema. Mama fulani siku hizi hali, halali, hacheki, chakula chaungua jikoni naye amekaa anakitazama. Huyu asema amerogwa, yule asema ni uvivu. Wote wamekosea. Hali kama hiyo ikidumu karibu kila siku kwa majuma mawili au zaidi, yafaa mtu apelekwe zahanati, maana huenda ni ugonjwa. Waganga wa hospitali huuita sonona. Ni ugonjwa wa kweli kama malaria, nao hutibika. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba huwapata wanawake kupita wanaume, kadiri ya mara moja na nusu.

Sababu zake ni nyingi. Mimi nitaitaja moja tu, kwa kuwa naiona ofisini mara kwa mara. Mume akifiwa na mkewe hubaki katika nyumba yake, akalia msiba mmoja. Mke akifiwa na mumewe hulia miwili: wa mume, na wa shamba alilolilima miaka yote, ambalo sasa aambiwa si lake.

Jambo hili si la ukali wa mashemeji tu. Mwaka 1963 Serikali ya Tanganyika ilitangaza kanuni za mila za urithi kwa makabila yanayofuata ukoo wa baba. Katika kanuni hizo mjane harithi ikiwa mumewe ameacha jamaa wa ukoo. Kumtunza ni kazi ya watoto wake. Wajane wawili wa Shinyanga, waliofukuzwa pamoja na watoto wao, walizipinga mahakamani. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikubali kwamba kanuni hizo zina ubaguzi, lakini haikuzifuta. Mwaka 2010 rufaa yao ikatupwa. Wakapeleka malalamiko kwa kamati ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia ubaguzi dhidi ya wanawake, nayo mwaka 2015 ikaamua kwamba haki zao zilivunjwa. Toka hukumu ya kwanza hadi uamuzi huo ni miaka tisa. Hesabu mwenyewe ni usiku mingapi.

Na huku Sheria ya Ndoa ya 1971 yasema mjane yu huru kukaa apendapo, na kuolewa tena au kutoolewa kwa hiari yake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 yampa mwanamke haki ya ardhi sawa na mwanamume, na mila ya kumnyima yaikataa. Ndiyo kusema sheria zavutana kama maksai wasiozoeana.

Je, mgonjwa asubiri mpaka zipatane? La. Sisi twasema mtu “ana mawazo”. Wenzetu Washona wa Zimbabwe husema kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Mwaka 2006 daktari Dixon Chibanda alianza kazi na bibi vizee 14 wa Mbare, mjini Harare. Bibi huketi na mgonjwa kwenye benchi nje ya zahanati, humsikiliza, kisha pamoja huchagua tatizo moja la kushughulikia kwanza. Utafiti uliotolewa mwaka 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi sita, katika kila wagonjwa 100 wa benchi hilo, kama 14 tu walikuwa na dalili bado. Kwa waliopata matibabu ya kawaida walikuwa 50.

Kinachonipendeza ni hiki: bibi hawa hawaishii kusema “jipe moyo”. Kujipa moyo hakumzuii shemeji kung'oa mihogo. Basi akina mama wa jumuiya, mkienda kwa mjane na unga wenu, mwulizeni pia shamba liko kwa jina la nani. Msindikizeni zahanati, kisha msindikizeni Mahakama ya Mwanzo juu ya mirathi.

Nanyi akina baba mngali hai. Hatimiliki ya kimila yaweza kuandikwa majina mawili, la mume na la mke. Wengine hunijibu kwamba mke akiandikwa atamwua mumewe apate shamba. Ajabu! Sijasikia bado mume akishukiwa hivyo.

Mahakamani mjane huulizwa cheti cha ndoa. Wengi hawanacho, kimepotea, au kimo katika sanduku lililokwisha kuchukuliwa. Hapo ndipo hufika kwangu. Mara nyingi mwaka wa ndoa hawaukumbuki, nao huona haya kusema. Mimi huwauliza mtoto wa kwanza alizaliwa mwaka gani, kisha nafungua kitabu cha ndoa na kurudi nyuma toka hapo, ukurasa kwa ukurasa, mpaka tulipate jina.