Kadi ya Medicaid si Sadaka



Mwezi wa Ramadhani uliopita, baada ya tarawehe, bibi mmoja katika jamaa zetu alinivuta pembeni na kuniuliza swali la funga. Umri wake ni miaka 54. Hedhi ilikuwa imemkatika miaka mitatu na zaidi, na sasa damu imemrudia. Siku mbili ipo, wiki nzima haipo, kisha ipo tena. Alitaka kujua kama funga yake inasihi au itampasa kulipa. Nilimjibu kwamba suala la ibada tutalipeleka kwa wenye elimu ya fiqhi, lakini damu yenyewe ni suala la daktari, tena halina kungoja. Mwanamke akitokwa na damu baada ya hedhi kukoma, mara nyingi sababu yake si ya kutisha. Hata hivyo yaweza kuwa dalili ya saratani ya mji wa mimba, na maradhi hayo yakigunduliwa mapema aghalabu hutibika.

"Daktari nimemwona mara mbili tangu yaanze haya," akasema.

"Na ulimweleza?"

Akainamisha macho. "Mwalimu, ningesemaje? Mkalimani alikuwa mwanangu."

Mwanawe huyo ni kitinda mimba wake, kijana wa miaka 13, hodari wa Kiingereza cha shule na mwenye Kiswahili cha jikoni. Mara zote mbili mfanyakazi wa kliniki aliuliza kama kuna mtu anayejua Kiingereza, akamwona mtoto, akaridhika. Mama akasema magoti yanamuuma. Mtoto akatafsiri magoti. Katika jalada lake pameandikwa magoti. Bibi huyu amenipa ruhusa nihadithie haya bila ya kumtaja, nami nimekubali kwa kuwa najua hayuko peke yake.

Na tuseme wazi: lililofanyika hapo ni kosa, na kosa si la mama. Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964 inamkataza yeyote anayepokea fedha za serikali kuu ya Marekani kumbagua mtu kwa asili ya taifa lake. Mwaka 1974 Mahakama Kuu, katika kesi ya Lau v. Nichols, iliyafikiria malalamiko ya wanafunzi wa Kichina wa San Francisco waliokuwa wakikalishwa darasani wasielewe lolote, ikaamua kuwa kumpa mtoto kitabu kile kile na mwalimu yule yule si usawa ikiwa lugha haielewi. (Mimi niliyekula chaki zaidi ya miaka 30 huipenda sana hukumu hii.) Kisha sheria ya afya ya mwaka 2010, ambayo watu huiita Obamacare, katika kifungu chake cha 1557 ikayaingiza hayo hospitalini, na kanuni zake zikasema bayana: mgonjwa apatiwe mkalimani mwenye ujuzi bila ya malipo, na mtoto mdogo asitumiwe kutafsiri isipokuwa katika dharura, wakati mkalimani anatafutwa.

Machi 2025 Rais alitia saini amri ya kukifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi, na akaifuta amri ya mwaka 2000 iliyozihimiza idara za serikali ziwahudumie wasiojua Kiingereza. Nilisikia misikitini na madukani kwamba haki ya mkalimani imekwisha. Sivyo. Amri ya Rais haifuti sheria iliyopitishwa na Bunge.

Baadhi yetu hunyamaza kwa sababu nyingine. Husema, "Hii ni bima ya bure, mwenye kupewa hachagui." Hapo ndipo ninapotaka kukaa kidogo. Medicaid, iliyoanzishwa kwa sheria aliyoitia saini Rais Lyndon Johnson tarehe 30 Julai 1965, hulipiwa na kodi. Na wale wetu wanaofagia viwanja vya ndege na kukata nyama viwandani wanalipa kodi. Isitoshe, yafaa tujue fedha zenyewe zinavyokwenda. Katika majimbo mengi serikali haimlipi daktari moja kwa moja, bali huipa kampuni ya bima fungu maalumu la fedha kwa kila mwanachama, kila mwezi, awe mgonjwa au awe mzima. Takriban robo tatu ya wanachama wote wamo katika mipango ya namna hii. Basi fungu la bibi yetu lilikuwa likipokewa kila mwezi, wakati yeye ameketi nyumbani na siri yake. Mwanachama aliyenyamaza ni wa gharama ndogo.

Serikali inajua hatari hiyo, na kwa hivyo mipango hii hupimwa. Huhesabiwa ni wanawake wangapi waliopigwa picha ya matiti kwa wakati wake, ni wenye presha wangapi ambao imeshuka chini ya 140 kwa 90, ni wazazi wangapi walioonwa na daktari baada ya kujifungua. Lakini wastani ni kitu chenye hila. Darasa la watoto 40 laweza kupata wastani wa alama 62, mkaguzi akaondoka amefurahi, na nyuma kule wamekaa sita wasiojua kusoma. Kwa sababu hiyo, tangu mwaka 2022 taasisi ya taifa inayokagua ubora wa mipango ya bima imeanza kudai baadhi ya hesabu hizi zigawanywe kwa rangi na asili za watu, ili wale sita waonekane.

Ila mtu huonekana pale tu anapoandikwa alivyo. Nilipoitazama fomu ya bibi yetu, mahali pa lugha palijazwa "Kiingereza". Jirani aliyemsaidia alidhani ndivyo inavyopendeza. Kwa neno hilo moja barua zake zote zikaja kwa Kiingereza, hakuna aliyemwekea mkalimani, na katika majedwali ya kampuni yeye ni mjuzi wa Kiingereza anayeumwa magoti. Tulipiga simu kwa namba iliyo nyuma ya kadi, tukairekebisha kwa dakika kumi, ukiacha dakika 40 za kusikiliza muziki.

Na tuandike Kiswahili, tusiandike "Kiafrika". Mzee mmoja Mbajuni aliwahi kuletewa mkalimani wa Kisomali kwa kuwa karatasi zake zinasema amezaliwa Kismayu. Ndugu wa Kongo naye alipewa sauti ya Mombasa katika simu, akafahamu theluthi mbili ya maneno. Mkalimani asipofahamika, mgonjwa aseme, atafutwe mwingine. Mwanamke akitaka mkalimani mwanamke, aombe siku ile ile anapoweka miadi, asingoje kufika.

Barua nazo. Serikali ilipoanza tena kukagua wanachama Aprili 2023, baada ya miaka ya korona, watu zaidi ya milioni 25 waliondolewa katika Medicaid, na wengi wao hawakuonekana kuwa hawastahili: karatasi hazikurudi, au anwani ilikuwa ya zamani. Bahasha isiyofunguliwa ina gharama. Pia ikija barua ya kukataliwa matibabu, isichukuliwe kuwa ni kauli ya mwisho. Mwanachama ana siku 60 za kukata rufaa kwa kampuni. Kampuni haina budi kujibu ndani ya siku 30, na katika jambo la haraka ndani ya saa 72. Ikikataa tena, shauri huenda kusikilizwa na jimbo. Ikiwa ni huduma uliyokuwa ukiipata na sasa inakatwa, omba ndani ya siku 10 iendelee hadi shauri liamuliwe. Mzee wa mtaani kwetu aliyepatwa na kiharusi alirudishiwa mazoezi yake ya viungo kwa barua ya mistari sita.

Kuna jambo zito zaidi ambalo siwezi kulipita. Sheria iliyotiwa saini tarehe 4 Julai 2025 imewaondoa wakimbizi na waliopewa hifadhi katika orodha ya wanaostahiki Medicaid kamili kuanzia tarehe 1 Oktoba 2026, na kuwabakisha wenye ukaazi wa kudumu na makundi machache mengine. Mkimbizi huruhusiwa kuomba ukaazi huo akishatimiza mwaka mmoja nchini. Familia ambayo haijaomba na imwone mwanasheria wa uhamiaji, wala isitegemee maneno ya baraza za kahawa.

Tena kanuni za mwaka 2024 zimelitaka kila jimbo liunde, kufikia Julai 2025, baraza la ushauri la wanachama wenyewe wa Medicaid na jamaa zao. Hawa ni watu wenye kadi kama sisi, wanaoketi na wakuu wa jimbo. Nimeuliza, katika la jimbo letu hakuna hata mmoja anayesema Kiswahili.

Bibi yetu tulirudi naye kliniki wiki ya pili baada ya Idi. Mkalimani alikuwa mwanamke, kwa simu, na daktari akangoja bila ya haraka. Alisema yote kwa dakika nne, aliyoyaficha miezi saba. Alipimwa kwa picha, kikachukuliwa kipande kidogo cha nyama kwa uchunguzi, na siku tisa baadaye tukaambiwa ni uvimbe mdogo usio saratani, ambao utaondolewa. Kijana naye huja nasi bado, kwa kuwa mama hapendi kumwacha nyumbani peke yake. Hubaki ukumbini, na daftari lake la hesabu.